Siku upepo wa Nungwi ulipopungukiwa na oksijeni

Nilikuwa nimesimama mchangani miguu peku, mita mkononi, na ile mita ikisisitiza kwamba hewa ya pwani nzima ya Nungwi ina oksijeni asilimia 19 tu. Nikaitikisa. Nikaipuliza. Nikageukia upande wa pili kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. 19 na kidogo. Wavuvi walikuwa wanapita na ndoo zao, mtoto anakimbiza ringi la baiskeli, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitweta.

Nyuma yangu alisimama mgeni wetu, mama wa Kizungu mwenye umri wa kunizaa, mita yake ndogo ya njano ikining'inia kifuani. Yake ilisema 20.9, kama inavyotakiwa. Na dakika tano kabla ya hapo hiyo hiyo ya njano ilikuwa imesema jambo jingine kuhusu mtungi wa kuzamia niliomjazia mimi: oksijeni asilimia 35. Juu ya mtungi palikuwa na karatasi ya gundi yenye mwandiko wangu: oksijeni 32, kina kisizidi mita 33, tarehe, na herufi mbili za jina langu.

Hakufoka. Angefoka ningejisikia afadhali. Alisema tu, "Kesho tunakwenda Leven Bank, sivyo?"

Leven Bank ni mwamba ulio baharini kati ya Nungwi na Pemba, wenye mkondo usio na masihara. Si pahala pa kushuka na mtungi ambao hujui ndani yake mna nini.

Kazi yangu ni kujaza mitungi ya wazamiaji. Mtu akisikia hivyo hudhani ni kama kujaza upepo wa gari: unachomeka mpira, unasubiri, unachomoa. Kwa hewa ya kawaida ni karibu na hivyo. Kwa naitroksi si hivyo. Naitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni. Hewa unayovuta sasa hivi unaposoma ina oksijeni asilimia 20.9, naitrojeni 78, na iliyobaki ni vikorokoro. Sisi tunaipandisha oksijeni hadi 32 au 36 ili naitrojeni ipungue, kwa sababu naitrojeni ndiyo inayoingia kwenye damu na mafuta ya mwili mzamiaji anaposhuka, na ndiyo inayotoa mapovu akipanda haraka.

Mapovu hayo nayajua kupitia miguu ya ami yangu. Miaka ile ya majongoo bahari alikuwa akizama kwa mtungi mara nne, mara tano kwa siku, bila saa, bila jedwali, anapanda pale hewa inapokuwa nzito kuvuta. Siku moja alipanda, akavua fulana, akataka kuruka kutoka kwenye boti, miguu ikamkatalia. Leo anatembea na bakora, na kidole gumba cha mguu wa kushoto hakimsikilizi mpaka kesho. Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa ajili ya mshahara, siwezi kusema uongo. Lakini ami yumo humo ndani, hasa ninapoandika namba juu ya mtungi.

Sasa, kosa ambalo hata wazamiaji wenye vyeti hulifanya ni kudhani kwamba naitroksi, kwa kuwa ni "hewa bora", inakushusha chini zaidi. Ni kinyume. Na sababu yake imo kwenye presha.

Fikiria daladala. Kati ya abiria 100, 21 wamevaa kanzu. Sasa konda akabana watu, akaingiza abiria 200 kwenye gari lile lile. Ukiuliza wenye kanzu ni asilimia ngapi, jibu ni 21 bado. Lakini waliomo ni 42, na wewe uliyebanwa dirishani unazihesabu kanzu zinazokusukuma mbavu, asilimia haikuhusu. Mwili wa binadamu uko hivyo hivyo. Mapafu hayaoni asilimia, yanaona oksijeni inasukuma kwa nguvu kiasi gani, kana kwamba gesi nyingine hazipo. Mwingereza John Dalton aliliandika hili mwanzoni mwa karne ya 19: kila gesi kwenye mchanganyiko hutoa presha yake peke yake, na presha ya jumla ni jumla ya michango hiyo. (Vitabu vya skuli husema kanieneo. Sijawahi kumsikia mtu kwenye boti akisema kanieneo. Presha.)

Presha tunaipima kwa baa, na juu ya maji ni kama baa 1. Kila mita 10 unazoshuka baharini inaongezeka baa nyingine. Kwenye mita 40 ni baa 5. Ukivuta hewa ya kawaida pale, oksijeni inakusukuma kwa 0.21 mara 5, yaani 1.05. Ukivuta naitroksi ya 32 ni 1.6. Na 1.6 ndiyo ukuta. Kwenye kuzama kwa starehe kikomo cha kawaida ni 1.4, na kile kipande kilichobaki hadi 1.6 ni cha dharura. Kwa hiyo mtungi wa 32 tunauandika mita 33, wa 36 tunauandika mita 28. Hesabu yake haina uchawi: gawa 1.4 kwa 0.32 upate 4.375, toa 1 ya hewa iliyo juu ya maji, zidisha kwa 10.

Ukivuka ukuta kinachokupata ni degedege. Ndiyo, ile ile ambayo bibi zetu walikuwa wakiiogopa kwa watoto wenye homa. Mfaransa Paul Bert aliieleza mwaka 1878 baada ya kuwaweka wanyama kwenye oksijeni ya presha kubwa: gesi inayotupa uhai ilipozidi iliwatupa chini wakitetemeka. Chumbani mtu hupata degedege kisha akazinduka. Chini ya maji mdomo unaachia regyuleta, kile kidude cha mdomoni cha kuvutia hewa, na basi. Mara nyingine kuna ishara: masikio kulia, macho kuona kama kwenye bomba, kichefuchefu, nyama za mdomo kuchezacheza. Mara nyingine hakuna ishara yoyote.

Wapo wanaoniambia, "Mimi nimeshuka na 36 mpaka mita 38, sikuona kitu." Nawajibu kwa habari ya jeshi la majini la Uingereza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili waliwajaribu wapiga mbizi wao kwa oksijeni, kazi iliyoongozwa na daktari Kenneth Donald, na wakakuta kwamba watu wanatofautiana mno. Lakini kilichonikaa mimi ni kingine: mtu yule yule, kina kile kile, leo anakaa muda mrefu bila neno, na siku nyingine dalili zinamjia mapema. Aliyeshuka mita 38 akarudi ana habari za siku ile tu.

Turudi kwenye mtungi wa yule mama.

Njia tunayotumia ni ya kuhesabu presha. Mtungi mtupu unautia kwanza oksijeni safi hadi baa 28, kisha unaumalizia kwa hewa ya kompresa iliyopita filta ya ziada hadi baa 200. Ukipoa, unapata 32. Baa 28: namba hii ninaijua kama jina la mama yangu. Oksijeni huingizwa polepole, kidogo kidogo, unagusa mtungi kwa kiganja kuona kama unapata moto. Ukifungua valvu kwa pupa, gesi inagongana kule mwisho wa mpira, inapata joto la ghafla, na kama pana tone la mafuta pale, hutamaliza kusema bismillahi. Ndiyo maana vijana wakija na mikono ya mashine ya boti nawakataza hata kushika mlango.

Mtungi ule ulirudi ukiwa na baa 60 ndani. Karatasi yake ilikuwa imebanduka kwa maji. Nikauchukulia kwamba zile 60 ni hewa ya kawaida, na kwa 60 za hewa ya kawaida hesabu haibadiliki: ongeza oksijeni baa 28, malizia hewa. Kumbe zile 60 zilikuwa naitroksi ya 32 ya safari ya jana. Piga hesabu: 60 za 32 zina oksijeni 19, ongeza 28 zangu, ongeza 23 na nusu za kwenye hewa iliyomalizia. Ni karibu 71 ndani ya 200. Asilimia 35 na ushei.

Kosa la namna hii linasameheka, maana ndiyo kazi ya mita: hesabu ikikosea, kipimo kikukamate. Na mimi nilipima. Nilipima, mita ikanipa 32.0, nikatabasamu, nikaandika karatasi.

Nilipokuwa bado nahangaika na upepo pale mchangani, Maalim alikuwa anatoka kuswali alasiri. Maalim ndiye aliyenifundisha kazi. Alijifunza kwenye meli huko Ghuba, na hana haraka hata nyumba ikiungua. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Mita umeiseti wapi?"

"Chumbani, Maalim."

"Mlango?"

"Nilifunga, kwa huu upepo wa kusi. Mchanga unaingia."

Hakunijibu. Aligeuka akamtazama kijana mmoja wa boti aliyekuwa ameegemea ukuta wa chumba cha kujazia, sigara kidoleni, anacheza simu.

"Wewe, mwanangu," akamwambia kwa sauti ya taratibu, "hiyo sigara ipeleke ikaoge baharini. Usiizimie hapo. Kaizimie majini."

Akasogea mlangoni, akaufungua wote, akafungua na dirisha, akafunga valvu ya mtungi mkubwa wa oksijeni, akatoka, akakaa juu ya kreti la soda. Tukakaa nusu saa. Baadaye akachukua kikopo cha maji ya sabuni na brashi ya kunyolea ndevu, akapaka kila kiungo cha mpira. Kwenye nati ya pili povu likaanza kuota, dogo dogo, bila sauti. Oksijeni haina harufu wala rangi. Ilikuwa imevuja pale mchana kutwa kwenye chumba kilichofungwa.

Hapo ndipo kila namba ilipojipanga. Hewa ya chumba ilikuwa imefika kama asilimia 23. Mimi nikaingia, nikaiwekea mita hewa ile puani, nikaibana kitufe kuiambia: hii ni 20.9. Mita haina ubishi. Tangu pale kila kitu ilikipunguza kwa kiwango hicho hicho. Mtungi wa 35 ikauita 32. Upepo wa bahari, ambao ni 20.9 tangu Nuhu, ikauita 19. Makosa mawili yalikutana yakafutana, na jibu likatoka lile lile nililolitamani. Ningekuwa sikukosea hesabu, mita ingenipa 29, ningeshtuka, ningetafuta sababu. Kilichonilaza usingizi ni kwamba jibu lilikuwa zuri.

Kwenye mita 33 yule mama angekuwa anavuta oksijeni ya presha 1.5. Pengine asingehisi kitu. Nimeshasema kuhusu hiyo pengine.

Na sigara ile. Mwaka 1967 Wamarekani waliwafungia wanaanga watatu kwenye chombo cha Apollo wakifanya mazoezi ardhini, ndani yake oksijeni tupu kwa presha iliyozidi kidogo ya hewa ya nje. Moto ulipoanza uliwamaliza kabla mlango haujafunguliwa. Angani chombo kile kingetumia oksijeni tupu vile vile, asilimia 100 ile ile, ila kwa presha ya kama theluthi moja. Sisi chumbani hatukufika mbali hivyo, tulikuwa na asilimia mbili tu za ziada, lakini hata ziada hiyo inatosha kufanya kitambaa kishike moto kuliko kilivyozoea.

Baada ya siku ile nilitaka kujua hii mita inafanya nini hasa, maana nilikuwa nikiiamini kama watu wanavyomwamini mganga. Ndani yake mna seli moja, ukubwa wa kifuniko cha chupa kubwa. Ni betri. Upande mmoja risasi, upande mwingine madini kama dhahabu, katikati maji makali ya potasiamu, na mdomoni utando mwembamba wa tefloni. Oksijeni inapenya utando, inaila risasi, na umeme mdogo unatoka. Kwenye hewa ya kawaida yangu hutoa kama milivolti 10. Oksijeni ikisukuma mara mbili, umeme mara mbili. Basi. Seli haijui asilimia ni nini; inajua presha ya oksijeni mdomoni pake, kama mapafu tu. Ile "asilimia" kwenye kioo ni tafsiri, na mtafsiri ni wewe uliyebonyeza kitufe.

Niliyathibitisha haya bila kukusudia. Nilimpelekea dada yangu Arusha vitu, na mita ilikuwa imesahaulika ndani ya begi. Usiku nikaiwasha sebuleni kwake: 18. Mara hii sikuitikisa. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake ina oksijeni 20.9 sawa na Nungwi, ila yote inasukuma kwa unyonge zaidi. Nilimweleza dada kwamba ukipanda mpaka Uhuru, mita 5,895, presha inakaribia nusu ya ya kwetu pwani. Akasema ndiyo maana wapagazi wanastahili kulipwa mara mbili. Sikuwa na pingamizi.

Kuna na mvuke, ambao hapa kwetu ni adui wa kila siku. Hewa ya Nungwi yenye joto la nyuzi 30 na jasho lake lote hubeba mvuke unaochukua nafasi kama asilimia 3 ya presha. Kwa hiyo oksijeni pale si 20.9 kweli, ni 20.2 hivi. Gesi ya ndani ya mtungi ni kavu, kompresa imeshakamua maji. Ukiseti mita kwa hewa ya uani kisha ukapima mtungi wa 32, itakwambia 33. Kwa hiyo siku hizi siseti kwa hewa ya chumbani wala ya mchangani. Nina mtungi mmoja wa hewa kavu, nimeuandika KIPIMO kwa rangi nyekundu, naupitishia mita taratibu, lita moja au mbili kwa dakika, nasubiri namba itulie. Halafu nampa seli oksijeni safi kidogo. Kama kwenye hewa ilitoa 10, kwenye oksijeni safi inatakiwa itoe karibu 48. Ikikwama kwenye 40 risasi yake imechoka, hata kama kwenye hewa inaonyesha 20.9 ya kupendeza. Seli huishi miaka miwili, mitatu, na ni ghali, na kila mwenye duka huona ya zamani "bado inasoma". Hilo nimegombana nalo sehemu zaidi ya moja.

Mwaka uliopita alikuja mgeni mmoja mwenye mashine ile inayozungusha pumzi yako mwenyewe: inasafisha kaboni dioksaidi, inakuongezea oksijeni uliyoitumia, haitoi mapovu. Kwenye mashine ile asilimia inabadilika kila unaposhuka au kupanda, kwa sababu inachoshikilia ni presha ya oksijeni, alikuwa ameiweka 1.3. Ndani yake mna seli tatu. Mbili zikikubaliana na moja ikipinga, kompyuta inawafuata wawili. Nikamuuliza, na kama wale wawili ni wa siku moja, wa boksi moja, wamechoka pamoja? Akacheka, akasema ndiyo maana ananunua moja moja, kwa miezi tofauti. Nikampenda.

Ami alipita dukani wiki iliyopita, bakora na yeye, akataka kukiona hicho kidude kilichokaribia kunifukuzisha kazi. Nikamsetia kwa mtungi wa KIPIMO, nikamwambia avute pumzi, aishike kidogo, kisha apulize kwenye bomba. Akapuliza kama anapuliza jiko la mkaa. Namba zikashuka: 20, 18, 17, zikatulia kwenye 16.

"Mbona imepungua?"

"Nyingine umeitumia, ami."

Akaitazama mita, akanitazama mimi.

"Basi nirudishie," akasema, akavuta kiti akakaa.